Kuficha Mabomba, Kuacha Mto: Filta ya Mkebe na Samaki wa Lualaba

Yupo bunju wa mto Kongo na Ziwa Tanganyika ambaye wanasayansi humwita Tetraodon mbu. Boulenger, mtaalamu wa samaki katika jumba la makumbusho la London, ndiye aliyemtangaza kwa jina hilo mwaka 1899. Ni wa njano, mwili wote umechorwa michirizi myeusi iliyopindapinda, na akikua hupita sentimita 60. Huko Ulaya, Japani na Marekani wako watu wanaojenga tangi la kioo kubwa kama chumba kwa ajili yake yeye peke yake. Halafu wanamaliza kazi yote kwa kuning'iniza mipira miwili ya plastiki kwenye ukingo wa tangi, mmoja wa kunyonya maji na mmoja wa kuyarudisha, na kila mgeni akiingia macho yake yanakwenda kwenye mipira kwanza.

Suala la mipira hiyo linaonekana dogo, la watu wenye nafasi. Lakini ukilifuata kwa subira unajikuta katikati ya mambo ambayo fundi yeyote wa maji wa Kasongo anayajua: msuguano, kona, viungo, na swali la kwamba bomba likishafichwa, nani ataweza kulifikia siku litakapoziba. Maoni yangu ni kwamba wengi wanaotaka tangi linalopendeza huanzia upande usio sahihi. Wanauliza bomba lionekane vipi, kabla ya kuuliza maji yatoke wapi na kwa nguvu gani. Ukianza na maji, uzuri hupatikana kwa gharama ndogo. Ukianza na uzuri, maji hukudai baadaye.

Kwanza tuiweke Kasongo mahali pake. Vitabu huitaja kwa misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip na kwa vita vya 1893 kati ya Waarabu na jeshi la Wabelgiji, mara chache sana kwa maji yake. Mji uko mashariki ya Lualaba, sehemu ya juu ya mto Kongo, kaskazini-magharibi ya pale ambapo Luama, mto unaoteremka kupitia upande wa Kabambare, unaingia Lualaba. Kusini zaidi, Lukuga inatoka Tanganyika pale Kalemie na kuyamimina maji ya ziwa ndani ya Lualaba kabla ya kufika Kongolo. Kwa hiyo maji yanayopita ng'ambo ya Kasongo yamechanganyika: ya mabwawa ya Upemba, ya ziwa, ya milima. Mengi yake yamepita pia kwenye korongo la chini ya Kongolo ambalo wakoloni waliliita Milango ya Jehanamu, ambako mto unabanwa kati ya miamba na kuruka. Chini ya hapo, kuanzia Kasongo hadi Kibombo, mto hutulia kiasi cha kubeba vyombo. Mto mmoja, tabia mbili, ndani ya safari fupi. Anayetaka kuweka samaki wa Kongo kwenye tangi inambidi achague anaiga sehemu ipi, na uamuzi huo ndio utakaomwambia bomba la kutolea maji likae wapi.

Biashara ya kuwapeleka samaki hawa nje wakiwa hai ina historia yake. Mbelgiji Pierre Brichard alihamia Burundi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuanza kusafirisha samaki wa Tanganyika kutoka Bujumbura. Mwaka 1974 Max Poll, bingwa wa samaki wa Kongo katika jumba la makumbusho la Tervuren, alimpa samaki mmoja mdogo wa ziwa jina la brichardi kwa heshima yake. Samaki huyo, mwenye mapezi marefu yenye ncha nyeupe, leo anafugwa duniani kote. Wapo pia Julidochromis wa mistari anayeishi kwenye nyufa za mawe, Distichodus wa mistari sita, Polypterus anayetambaa chini usiku, na jamii ya samaki wenye mdomo mrefu kama mkonga wanaotambua njia kwa kutoa mapigo hafifu ya umeme. Bunju mkubwa tumwache hapo hapo: akikua anataka maelfu ya lita, na filta ya mkebe peke yake haimtoshi. Tuchukue tangi la kawaida, urefu sentimita 120, upana 50, kimo 50, yaani lita 300, lenye samaki wadogo wa miamba.

Filta ya mkebe ni chombo rahisi kikieleweka. Ni ndoo iliyofungwa kabisa, imekaa chini ya tangi ndani ya kabati. Maji yanashuka kwa mpira mmoja, yanapita kwenye sponji na vipande vya kauri ambako bakteria wanakula uchafu wa samaki, kisha pampu iliyo kwenye kifuniko inayasukuma juu kwa mpira wa pili. Kampuni ya Eheim ya Deizisau, Ujerumani, ilizifanya filta hizi zijulikane kuanzia miaka ya 1960, na mpaka leo umbo lake halijabadilika sana.

Hapa kuna dhana potofu inayowagharimu watu. Wanaona mkebe uko chini kwa mita moja na nusu, wanafikiri pampu inabeba maji kupandisha kimo chote hicho. Haibebi. Mfumo umefungwa: uzito wa maji yanayoshuka unasawazisha uzito wa maji yanayopanda, mradi mdomo wa kutolea uko ndani ya maji au usawa wake. Pampu inapambana na kitu kimoja tu, msuguano, ndani ya mipira, ndani ya sponji, kwenye kona na kwenye viungo. Ndiyo maana pampu ndogo ya wati 8 inaweza kuzungusha mamia ya lita kwa saa. Na ndiyo maana kila unachokifanya ili bomba lisionekane, ukiongeza kona au kupunguza kipenyo, kinagusa kile kitu kimoja ambacho pampu inapambana nacho.

Tuangalie hesabu, maana haina ugumu. Filta ndogo maarufu ya Eheim, ile ya namba 2213, imeandikwa lita 440 kwa saa na hutumia mpira wa milimita 12 kwa ndani. Kama lita zote hizo zingepita, maji yangekuwa yanakwenda karibu mita moja kwa sekunde ndani ya mpira. Kwa kasi hiyo hayateremki kimyakimya, yanavurugika, na maji yanayovurugika yanaadhibu vikali bomba jembamba. Kwa kiasi kilekile cha maji, ukitoka kwenye mpira wa milimita 16 kwenda wa 12, hasara ya msuguano inapanda takribani mara nne. Mtu anayenunua kiunganishi chembamba kwa sababu kinajificha vizuri nyuma ya jiwe amelipa mara nne bila kujua.

Kona nazo zina bei yake. Mafundi wa mabomba wana kanuni ya zamani: kona ya kawaida ya nyuzi 90 ni sawa na kuongeza bomba lililonyooka lenye urefu wa kama mara 30 ya kipenyo. Kwa bomba la milimita 12 hiyo ni sentimita 36. Weka kona nne ili mabomba yafuate pembe za kabati kwa unadhifu, umeongeza karibu mita moja na nusu ya bomba ambalo halipo. Wengine husema kwamba badala ya kona moja ya nyuzi 90 tumia mbili za nyuzi 45. Kanuni hiyohiyo inaipa kona ya 45 mara 16 ya kipenyo, kwa hiyo mbili zikifuatana zinarudi palepale. Kinachosaidia kweli ni pindo refu, lile ambalo maji yanageuka pole bila kugonga ukuta. Pindo la namna hiyo linagharimu kama nusu au theluthi mbili ya kona kali.

Pindo refu haliuzwi kwa urahisi madukani, na hapa fundi wa kwetu ana faida kuliko mnunuzi wa Brussels. Chukua bomba gumu la plastiki nyeupe, lile linalouzwa kwa maji ya kunywa. Bomba la milimita 20 hupimwa kwa nje; kwa ndani lina kama 16 au 17, kulingana na unene, na hilo linafaa kwa filta kubwa kidogo inayotumia mpira wa 16. Ziba upande mmoja kwa gunzi au kitambaa, jaza mchanga mkavu uliochekechwa, gongagonga ili ushikane, kisha ziba upande wa pili. Mchanga ndio unaozuia bomba lisikunjike na kubana katikati. Sasa lizungushe juu ya mbabula, mbali na makaa, bila kusimama. Plastiki hii inaanza kulegea karibu na nyuzi joto 80, na dalili ya kwanza ni kwamba bomba linainama kwa uzito wake lenyewe. Likianza kuwa kahawia au kutoa moshi umechelewa: moshi wake una asidi na unaunguza koo, kwa hiyo kazi hii ifanyike nje, upande upepo unakotoka. Lizungushe taratibu kwenye chupa kubwa au gogo la mviringo, libane, mwagia maji. Toa mchanga, suuza. Umepata pindo lisilo na kiungo hata kimoja, na mahali pasipo na kiungo hapavuji.

Hiyo ndiyo njia ninayoipendelea kwa tangi la lita 300: mabomba magumu mawili yanayopanda nyuma ya tangi, yakipinda juu ya ukingo kwa pindo refu na kushuka ndani kwenye kona ya nyuma. Kisha upande wa nje wa kioo cha nyuma upakwe rangi nyeusi, na sehemu ya bomba iliyo nje isuguliwe kwa msasa na kupakwa rangi ileile. Ile iliyo ndani ya maji isipakwe rangi ya kawaida. Itafutiwe bomba jeusi au la kijivu, au iachwe hivyo hivyo: baada ya wiki chache mwani unaifunika na jicho linaisahau. Bomba jeusi mbele ya ukuta mweusi, kwenye pembe, nyuma ya jiwe lililosimama, halionekani. Nimewaona watu wakitumia fedha nyingi kwa viungo vya kupendeza wakati mkebe mdogo wa rangi ungewamalizia kazi.

Watu wa upande wa pili wamechagua kinyume kabisa: badala ya kulificha bomba, wameling'arisha. Takashi Amano, mpiga picha wa Niigata, Japani, aliyeanzisha kampuni yake ya ADA mwaka 1982 na kufariki mwaka 2015, alieneza mabomba ya kioo membamba. La kutolea maji lina mdomo uliotanuka kama ua, ndiyo maana linaitwa bomba la yungiyungi. Mdomo ule si pambo tupu. Maji yakitoka kwenye bomba jembamba yakaingia mdomo mpana, kasi yake inapungua na yanazunguka taratibu, kwa hiyo mimea haing'olewi. Ukiliinua kidogo hadi mdomo ukatize uso wa maji, unapata mvurugo unaoingiza oksijeni. Ukilishusha, uso unatulia. Mwaka wa kifo chake Amano alimaliza kazi yake kubwa ya mwisho kwenye akwaria kubwa ya Lisbon, tangi la urefu wa mita 40.

Kwa tangi la mimea sina neno na kioo. Kwa samaki wa Lualaba na Tanganyika nina mashaka nacho, na sababu ni mbili. Maji ya Tanganyika yana chumvichumvi nyingi na ni ya alkali, pH karibu 9. Mfugaji anayeyaiga anapata ukoko mweupe kwenye kioo pale maji yanapokauka, na bomba la kioo lenye ukoko linaonekana baya kuliko bomba la plastiki lililojificha. Siki au ndimu vinautoa, lakini ni kazi ya kila mwezi. Sababu ya pili ni samaki wenyewe. Bunju ana meno kama mdomo wa kasuku, yanayovunja konokono. Distichodus hutafuna chochote. Wa miamba wanachimba na kuangusha mawe. Kioo chembamba katikati ya watu kama hao kina siku zake. Anayetaka wembamba na uimara pamoja anaweza kutafuta mabomba ya chuma kisichoshika kutu, ambayo siku hizi yanatengenezwa kwa umbo lilelile.

Hata hivyo, kwa aliyeamua kutumia kioo: mara nyingi hakivunjiki kikiwa kwenye tangi, kinavunjika mkononi wakati wa kukiingiza kwenye mpira. Chovya ncha ya mpira kwenye maji ya moto, lowesha kioo, kishike karibu kabisa na ncha inayoingia, usishike kwenye pindo. Sukuma kwa kuzungusha kidogo kidogo. Mabomba ya 13 kwa mpira wa 12 na ya 17 kwa mpira wa 16 yametengenezwa yabane kwa makusudi.

Njia ya tatu ndiyo safi kuliko zote kwa macho na ndiyo inayonitia hofu zaidi: kutoboa tangi. Unatoboa kioo cha nyuma au cha chini, unaweka konekta ya tangi kama ile ya matangi ya maji ya mvua, na hakuna kitu kinachopita juu ya ukingo. Kioo cha kawaida kinatoboka kwa keekee yenye kikombe cha almasi, kasi ndogo, maji yakimwagikia muda wote, bila kukandamiza. Sogea mbali na ukingo angalau kwa upana wa tundu lenyewe. Kioo kilichoimarishwa kwa joto hakitoboki, kinapasuka chote kuwa punje, na matangi mengi ya dukani yana kioo hicho chini. Kukipima, weka skrini ya kompyuta yenye mwanga mweupe upande mmoja, tazama kutoka upande wa pili kwa miwani ya jua inayokata mng'ao: ukiona madoa au mistari ya giza, acha keekee. Gasketi ya mpira ikae upande wenye mdomo mpana wa konekta, wala usipake silikoni juu yake, maana mpira ulioteleza kwenye silikoni hujisogeza ukikaza. Kaza kwa mkono, kisha robo ya mzunguko.

Hofu yangu ni hii. Mipira inayopita juu ya ukingo ikichomoka usiku, tangi linamwaga maji mpaka usawa wa mdomo wa kunyonya, halafu hewa inaingia na mmwago unakoma. Tangi lililotobolewa chini halikomi. Lita 300 zinaingia sebuleni na samaki wanabaki kwenye mchanga. Ukitoboa nyuma, karibu na juu, hatari inapungua sana, na hapo ndipo ningetoboa kama ningelazimika. Vilevile kwa mabomba ya ukingoni, bomba la kutolea likishuka hadi chini, litoboe tundu dogo kwa sindano ya moto sentimita moja chini ya uso wa maji. Mpira wake ukichomoka, hewa itaingia hapo na kukata saifoni. Kwenye bomba la kunyonya usifanye hivyo kamwe. Tundu hilohilo likibaki juu ya maji baada ya mvukizo wa siku chache litaingiza hewa na pampu itabaki inakoroma.

Turudi kwenye mto, kwa sababu mdomo wa kutolea maji ndio unaoamua kama samaki wanaishi Milango ya Jehanamu au Kibombo. Kwa samaki wa mkondo mkali, mdomo mmoja mnene, ukielekea urefu wote wa tangi kutoka kona ya nyuma, unatengeneza mkondo unaopiga kioo cha mbali na kurudi chini: samaki wanajipanga wakiutazama kama wanavyofanya mtoni. Kwa maji yaliyotulia, bomba la matundu lililolazwa nyuma, matundu yakitazama ukuta, linavunja nguvu hiyo. Jumla ya eneo la matundu iwe kubwa kidogo kuliko eneo la ndani la bomba, vinginevyo umeweka kizibo. Bomba la 16 lina eneo la milimita za mraba 201. Tundu la milimita 4 lina 12.6. Kwa hiyo matundu 16 ni sawa kabisa na bomba, na 18 au 20 yanakupa nafasi.

Mdomo wa kunyonya uwe upande uleule au wa mbali? Wengi huweka upande wa mbali ili maji yazunguke tangi zima. Kwa macho, yote mawili kwenye kona moja ni nadhifu zaidi, na kama mkondo una nguvu ya kufika mwisho na kurudi, uchafu nao unarudi. Kwenye tangi la sentimita 120 hilo linawezekana. Kwenye la mita mbili, sikushauri. Vyovyote vile, funika mdomo huo kwa sponji ya matundu makubwa, kwa sababu vifaranga vya brichardi huogelea karibu na mawe hayohayo unayoyatumia kuuficha.

Faida moja ya filta ya mkebe haitajwi vya kutosha na wenye samaki wa mkonga. Samaki hawa wanasoma mazingira yao kwa umeme hafifu, na pampu iko nje ya maji yao. Anayehitaji kupasha maji joto, kwa mfano jamaa wa Bukavu au wa Ulaya, anaweza kuweka hita ndani ya mstari wa mpira wa kutolea, ikisimama wima, kifaa kimoja zaidi kimetoka machoni. Kasongo, kwa joto lake, hita hiyo ni anasa.

Sasa ndani ya kabati, ambako hakuna mgeni anayetazama na ndiko kazi nyingi huharibikia. Kila upande uwe na robine, na chini ya kila robine, upande wa mkebe, yunioni inayofunguka kwa mkono, ili mkebe utoke bila kumwaga maji. Ukitaka kupunguza nguvu ya maji, punguza kwenye robine ya kutolea peke yake. Robine ya kunyonya ikibanwa, pampu inavuta bila kupata, inatengeneza mapovu na kujila yenyewe. Sehemu ya mwisho kati ya mabomba magumu na mkebe iwe mpira laini, wenye urefu wa ziada wa kutosha mkebe kuvutwa hadi mlangoni na kufunguliwa. Huo mpira mrefu kidogo hauonekani vizuri, unalegea na kupinda. Uache. Nimeona makabati yaliyopangwa kwa mabomba magumu tupu, kila pembe ya nyuzi 90, kama picha ya katalogi, na mwenyewe hajafungua mkebe kwa mwaka mzima kwa sababu kuufungua ni kubomoa. Mkebe usiofunguliwa unaziba, mkondo unapungua polepole, na mwenye tangi anadhani pampu imezeeka. Mpira laini pia unakata mtetemo wa pampu usipande kwenye bomba na kulifanya kabati liimbe usiku.

Pale umeme wa nyumbani unapotoka kwenye paneli za jua, hesabu ya mabomba inageuka hesabu ya betri. Pampu ya wati 8 ikifanya kazi saa 24 hutumia wati-saa 192. Betri ya gari ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina 1,200 kwenye karatasi, lakini betri ya risasi haipaswi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unabaki na 600: siku mbili na kitu ukitoa kinachopotea kwenye kibadilishi cha umeme. Mtu aliyejaza mabomba yake kona na vibanio, akalazimika kununua pampu ya wati 20 kurudisha mkondo uleule, amejipunguzia betri hiyohiyo hadi siku moja na saa chache. Bomba pana lenye pindo refu ni nafuu kuliko betri ya pili.

Na umeme ukikatika, tatizo la mkebe uliofungwa si samaki kwanza, ni bakteria waliomo. Wanahitaji oksijeni inayoletwa na maji, na ndani ya mkebe uliosimama inaisha kwa saa chache. Kikipita kipindi kirefu, usiwashe pampu tu. Maji ya ndani yameoza na yatamwagwa yote juu ya samaki. Funga robine zote mbili, fungua yunioni, toa mkebe, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi kwenye ndoo, si ya bomba yenye klorini. Rudisha, fungua robine ya kunyonya kwanza na uache maji yashuke yenyewe yajaze mkebe, kisha ya kutolea, tikisa kidogo hewa itoke, ndipo uwashe. Pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo, kimoja baada ya kingine, na rudia baada ya nusu saa, maana kiungo kinachovuja kidogo hakionyeshi dakika ya kwanza.